Tope la Ruvu halisomi namba ya boksi

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu

KWA UFUPI
Wenye magari ya porini katika njia za Kibaha na Kisarawe huchagua winchi kwa kuangalia namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Nguvu ya kweli ya chombo hicho, hata hivyo, hutegemea uzito wa gari lililopakiwa, safu za kamba, afya ya betri na kapi moja ambalo wengi husahau kulinunua.

Gari linaloiacha lami ya Barabara ya Morogoro pale Visiga na kushika njia za vumbi za kusini kuelekea Soga, Kwala au mpakani mwa Kisarawe hukutana, ndani ya safari moja fupi, na ardhi za aina mbili zinazodai ujuzi tofauti wa dereva. Kwanza huja mchanga mwepesi wa miinuko yenye mikorosho na miembe. Kisha, kadiri njia inavyoshuka kuelekea bonde la Mto Ruvu na vijito vyake, huja udongo mfinyanzi mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hugeuka kuwa utelezi unaonata.

Ni udongo huo wa pili unaozaa swali la makala haya. Unapolowa, hujaza mifereji ya matairi hadi tairi lenye kashata ndefu likawa laini kama lililokwisha, na gurudumu linalozunguka bila kushika huendelea kujichimbia shimo hadi difu, yaani lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli, likalala juu ya tuta la tope.

Likishafika hapo, gari lenye magurudumu manne yanayovuta halina faida zaidi ya lile lenye mawili, kwa sababu tatizo si uchache wa magurudumu yenye nguvu bali ni kukosekana kwa kitu cha kushika. Nguvu ya kulitoa lazima itoke nje ya gari: kwa trekta, kwa mikono ya watu, au kwa winchi iliyofungwa kwenye bampa na kuvuta kwa kushika mti.

Katika ukanda huu msimu wa kukwama huja mara mbili kwa mwaka, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katika miaka ya El Niño misimu hiyo karibu huungana, kama ilivyotokea kuanzia mwisho wa 2023 hadi masika ya 2024, mvua zilipoleta mafuriko makubwa katika wilaya za Rufiji na Kibiti mkoani Pwani.

ASILI YA CHOMBO NA YA JINA

Winchi ni mashine inayoviringisha kamba kwenye ngoma, yaani mche duara wa chuma, huku gia zikibadilisha mwendo wa haraka wenye nguvu ndogo kuwa mwendo wa polepole wenye nguvu kubwa. Jina lenyewe liliingia katika Kiswahili kupitia bandarini, ambako winchi ni mtambo wa kunyanyulia shehena, na ndiyo maana kwa wazee wengi wa Dar es Salaam neno hilo bado huleta picha ya meli kabla ya picha ya gari.

Maarifa yenyewe, hata hivyo, hayakuwa mageni pwani. Mabaharia wa majahazi walikuwa na duara la kuvutia nanga, kapi la kupitishia kamba, na roda, kile kigurudumu kilichomo ndani ya kapi, na walijua kwamba kamba ikipitishwa kwenye kapi na kurudishwa, watu wachache hupandisha tanga ambalo lingewashinda.

Winchi ya umeme ya gari dogo ni mtoto wa juzi. Kampuni ya Warn ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1948 ikitengeneza vifaa vya magari ya jeshi yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitoa winchi ya umeme kwa magari ya kiraia mwaka 1959, na mwaka 1974 ikatoa modeli iliyopewa jina 8274, ambapo 8 husimama badala ya pauni 8,000 za nguvu na 74 badala ya mwaka wa kutolewa kwake.

Afrika Mashariki iliizoea sura ya chombo hiki kupitia magari ya utafiti, misheni, misitu na utalii, na pia kupitia mashindano. Mwaka 1991 msafara wa Camel Trophy ulitoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa magari ya Land Rover Discovery. Na nchini Kenya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa umeme wa msitu wa Aberdare, yameifanya winchi kuwa kifaa cha kawaida kwa kizazi kizima cha wapenda safari za porini.

HESABU YA KWANZA: UZITO WA GARI LILILOJAA

Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wengi ni rahisi: nguvu ya winchi isipungue mara moja na nusu ya uzito wa juu wa gari. Kosa la kawaida la wanunuzi halimo katika kuzidisha, bali katika uzito wanaouzidisha, kwa kuwa wengi huchukua uzito wa gari tupu ilhali hakuna anayekwenda Maneromango au Vikumburu na gari tupu.

Uzito unaostahili kutumika ni ule wa juu unaoruhusiwa, yaani gari pamoja na abiria, mafuta, mzigo na vifaa vyote. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari linaloheshimika kuliko mengine katika njia za vijijini, lina uzito wa juu wa takribani kilo 3,300. Ukizidisha kwa moja na nusu hupatikana kilo 4,950. Anayechukua uzito wa gari hilo likiwa tupu, takribani kilo 2,200, hupata kilo 3,300, na hesabu yake humpeleka kwenye winchi ndogo isiyomfaa.

Winchi nyingi madukani huandikwa kwa pauni, kipimo ambacho Waswahili wa zamani walikiita ratili, nayo ratili moja ni sawa na kilo 0.4536. Kwa hiyo winchi ya pauni 8,000 huvuta kilo 3,629, ya 9,500 huvuta kilo 4,309, na ya 12,000 huvuta kilo 5,443. Land Cruiser iliyotajwa, kwa kanuni hiyo, inahitaji ya pauni 12,000.

Kwa upande mwingine, Suzuki Jimny mpya, yenye uzito wa juu wa kilo 1,435, inahitaji nguvu ya takribani kilo 2,150 tu, na kuifunga winchi ya pauni 12,000 ni kuilemea ekseli yake ya mbele kwa chuma isichokihitaji. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kinachobeba mihogo na mkaa katika njia hizohizo, hakina chasisi ya kustahimili mvuto wa namna hiyo hata kidogo.

| Winchi huchaguliwa kwa uzito wa gari lililojaa, si kwa uzito wa gari lililopigwa picha dukani. |

HESABU YA PILI: SAFU ZA KAMBA

Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kweli mahali pamoja tu, napo ni kwenye safu ya kwanza ya kamba, ile inayogusa ngoma. Kila safu inayoongezeka juu yake huikuza ngoma, na ngoma inapokuwa nene injini ileile ya winchi huvuta kwa nguvu ndogo zaidi, kama vile mpini mrefu wa kisima unavyokuwa mwepesi na ule mfupi ukawa mzito kwa mkono uleule.

Hesabu inaweza kufanywa kwa penseli. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 64 iliyoviringishwa waya wa milimita 9, ikiwa kila safu imelala wima juu ya nyingine, hubakiza takribani asilimia 80 ya nguvu kwenye safu ya pili, asilimia 67 kwenye ya tatu na asilimia 57 kwenye ya nne. Winchi ya kilo 5,443 kwa hiyo huvuta takribani kilo 4,370 kwenye safu ya pili, 3,650 kwenye ya tatu na 3,130 kwenye ya nne.

Maana yake kwa dereva ni kwamba kufunga kamba kwenye mti ulio mita tano mbele ya gari, huku kamba iliyobaki ikiwa imejaa kwenye ngoma, ni kuitumia winchi kwa nguvu ndogo kuliko zote ilizonazo. Mti wa mbali ni bora kuliko wa karibu, mradi mizunguko isiyopungua 5 ya waya, au 10 ikiwa ni kamba ya nyuzi laini, ibaki kwenye ngoma ili kifungo cha mwisho kisibebe mzigo peke yake.

UMEME, INJINI AU MKONO?

Hapa ndipo mafundi na wenye magari wanapogawanyika. Upande wa kwanza huitetea winchi ya umeme kwa sababu ni nyepesi kufunga, haidai kugusa giaboksi, na huendelea kuvuta hata injini ya gari ikizimika katikati ya maji, kwa muda ambao betri itastahimili.

Muda huo, hata hivyo, ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Winchi kubwa ya volti 12 ikibeba mzigo kamili huweza kula ampia 400 au zaidi, ilhali alteneta ya gari la kawaida, yaani kile kijenereta kinachochaji betri, hutoa ampia mia moja hivi. Kwa kila dakika ya mvuto betri hupoteza takribani ampia-saa 5 ambazo alteneta haijazirudisha, na kwa kuwa mwendo wa kamba chini ya mzigo mzito huwa mita moja au mbili tu kwa dakika, kulivuta gari mita 6 kunaweza kumaliza ampia-saa 20 za betri ambayo pengine haikuwa na zaidi ya 70.

Kwa sababu hiyo winchi ya umeme haivuti mfululizo: huvuta kwa dakika moja hivi, kisha hupumzishwa ili mota ipoe na betri ipumue, injini ya gari ikiachwa inanguruma muda wote. Zipo mota za namna mbili, yaani zenye sumaku ya kudumu, ambazo hula umeme kidogo lakini huchemka mapema, na zenye koili badala ya sumaku hiyo, ambazo hula zaidi lakini hustahimili kazi nzito. Kwa tope la mfinyanzi hizi za pili ndizo zinazofaa.

Upande wa pili, ambao mara nyingi ni wa madereva wakongwe, husifu winchi inayochukua nguvu kwenye giaboksi kupitia shafti ndefu, kama zilizofungwa kiwandani kwenye baadhi ya Land Cruiser za zamani. Winchi hiyo haijui habari ya betri, huvuta kutwa nzima bila kuchemka, na ina pini maalumu inayokatika mzigo ukizidi ili kuokoa gia. Lakini injini ikizimika nayo huzimika, na kuifunga kwenye gari lisilokuwa nayo tangu kiwandani ni kazi ya gharama. Ile ya haidroliki, inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta kutoka pampu ya usukani, ina sifa na udhaifu unaokaribiana na huo.

Baina ya pande hizo mbili yupo wa tatu asiyesikika sana: winchi ya mkono inayosukumwa kwa mpini mrefu na kutambaza waya hatua kwa hatua. Modeli zake zinazojulikana zaidi huvuta tani 1.6 na tani 3.2, huvuta mbele, nyuma au ubavuni, haziharibiwi na maji, na huweza kuhama kutoka gari moja hadi jingine. Adui yake ni jasho, kwani mita moja ya mwendo ni misukumo mingi ya mpini.

Jambo moja halina pande. Mwenye gari la dizeli lililotoka Japani anapaswa kuthibitisha volti kabla ya kununua, kwa kuwa baadhi ya magari hayo yana mfumo wa volti 24, na mota ya volti 12 ikiungwa humo huungua.

WAYA WA CHUMA AU KAMBA LAINI?

Mgogoro wa pili unahusu kamba. Waya wa chuma ni wa bei nafuu, hauogopi jua wala mawe, na fundi yeyote anaujua. Lakini mita 28 za waya wenye unene wa milimita 9.5 zina uzito wa takribani kilo 10, nyuzi zake zinazokatika huchoma viganja, na ukikatika chini ya mzigo hurudi kwa kasi inayoweza kuua.

Kamba laini, ambayo madukani huitwa nailoni ingawa hasa ni nyuzi za poliethilini yenye molekuli ndefu mno, ina uzito usiofika theluthi moja ya waya, huelea juu ya maji, na kwa unene huohuo huwa na nguvu zaidi: waya wa milimita 9.5 hukatika kwenye tani 6.5 hivi, kamba hiyo kwenye takribani tani 9. Ikikatika haihifadhi nguvu nyingi ya kurudi, na inaweza kuungwa kwa kusukwa papo hapo porini.

Udhaifu wake wa kwanza ni joto, kwani nyuzi hizo huyeyuka kabla ya nyuzijoto 150. Winchi nyingi za bei ya kati hutumia gia za sayari, yaani gia ndogo kadhaa zinazoizunguka moja ya katikati, na breki yao imo ndani ya ngoma. Gari likishushwa mteremkoni kwa winchi, breki huchemka na kuunguza safu ya ndani ya kamba. Winchi za gia ya skrubu hazina tatizo hilo kwa kuwa skrubu hujizuia yenyewe, ila huenda polepole zaidi.

Udhaifu wa pili ni mchanga, na hapo ardhi ya Visiga ina neno lake. Chembe za mchanga wa miinuko huingia kati ya nyuzi na kuzisaga kutoka ndani kila kamba inapokazwa, bila alama kubwa kuonekana nje. Anayechagua kamba laini katika ukanda huu kwa hiyo hununua pia wajibu wa kuifungua yote na kuiosha kwa maji safi baada ya kila safari ya tope, na wa kuifunika isichomwe na jua.

Mdomo wa bampa unaopitisha kamba hufuata chaguo hilo: rola nne za chuma kwa waya, na kipande laini cha alumini kwa kamba ya nyuzi. Kuweka kamba mpya kwenye rola zilizochubuliwa na waya wa zamani ni kuikata kwa hiari.

| Waya huonya kwa nyuzi zinazochomoza. Kamba laini huliwa na mchanga kutoka ndani, kimyakimya. |

KAPI, JEMBE NA MKOROSHO WA WATU

Miongozo ya kijeshi ya uokoaji wa magari, ambayo imelipima suala hili kwa muda mrefu, hukadiria kwamba gari lililozama hadi kimo cha magurudumu hudai mvuto unaolingana na uzito wake wote, lililozama hadi mabawa ya matairi hudai mara mbili, na lililozama hadi kwenye kabini hudai mara tatu. Land Cruiser ya kilo 3,300 iliyozama hadi mabawani kwa hiyo hudai takribani kilo 6,600.

Hapo ndipo namba ya boksi inapoumbuka. Winchi ya pauni 12,000 iliyo kwenye safu ya tatu hutoa kilo 3,650, karibu nusu tu ya kinachohitajika. Hata ikiwa kwenye safu ya kwanza haifiki.

Dawa ya kwanza ni kapi lilelile la mabaharia. Likifungwa mtini, kamba ikapita ndani yake na kurudi kwenye gari, mvuto hukaribia kuwa maradufu, ukipungua kidogo kwa msuguano, huku mwendo ukipungua kwa nusu na mota ikila umeme mdogo kwa mzigo uleule. Faida ya pili haitajwi sana: kwa kuwa kamba hulazimika kutoka mara mbili ya urefu, ngoma hubaki na safu chache, na winchi hurudi kwenye nguvu zake za kweli.

Dawa ya pili ni jembe. Tope likiondolewa mbele ya difu na kandokando ya magurudumu hadi gari lililozama mabawani likawa kama lililozama kwa kimo cha magurudumu, mzigo hushuka kutoka kilo 6,600 hadi 3,300, na kazi iliyoishinda winchi ya pauni 12,000 huwa ndani ya uwezo wa ile ya 9,500 yenye kapi. Nusu saa ya jembe, kwa maneno mengine, ina thamani ya winchi ya pili.

Dawa ya tatu ni mahali pa kushika. Mwembe na mkorosho mkubwa hushika vizuri, lakini mnazi, ambao hauna mzizi mkuu bali fundo la mizizi myembamba, unafaa tu ukifungwa chini kabisa karibu na ardhi. Katika mbuga zisizo na mti mkubwa, tairi la akiba huzikwa kwenye shimo la kina likiwa limesimama wima kukabili mvuto, na kamba hufungwa katikati yake.

Waya haufungwi moja kwa moja kwenye shina, kwa kuwa huchubua gome na mti uliochubuliwa kuzunguka shina lote hufa. Unaotakiwa ni mkanda mpana wa nailoni uliounganishwa kwa pingu ya chuma, na kabla ya hapo linatakiwa neno kwa mwenye shamba, kwani mkorosho wa kando ya njia ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Ndani ya hifadhi za misitu kama Pugu-Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, miti iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ulinzi wa gome huacha kuwa adabu tu ukawa sharti.

WANAOSEMA WINCHI NI ANASA

Wapo wanaoipinga hoja nzima tangu mwanzo. Kwa maoni yao, fedha ya winchi, bampa la chuma na betri ya pili ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua matairi mazuri, pampu ya upepo, jembe na koleo, kwa kuwa dereva anayepunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, na anayeshuka kulikagua dimbwi kwa miguu kabla ya kuliingia, hukwama mara chache sana.

Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa nusu ya njia ambayo ni mchanga, kwani mchanga hutibiwa kwa upepo wa matairi kabla ya kutibiwa kwa winchi. Ina uzito pia kwa gari linalotoka mara moja kwa msimu, ambalo trekta ya kukodi au vijana wa kijiji waliozoea kusukuma kwa malipo huligharimu kidogo kuliko chombo kitakachoshika kutu kwenye bampa kwa unyevu wa pwani.

Wengine huutazama mjadala wote kama kukwepa jambo la msingi, yaani barabara zenyewe. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ambao mtandao wake unazidi kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Kwa mtazamo huo karavati moja lililojengwa kwenye kijito huokoa magari mengi kuliko winchi mia moja.

Hoja hizo mbili ni za kweli, lakini hazijibu swali la gari la wagonjwa, la ugani au la doria ya misitu ambalo lazima lipite wiki hii, usiku, pasipo na trekta wala kijana wa kusukuma. Kwa gari la aina hiyo winchi si pambo.

KINACHOWEKWA REHANI

Kinachopotea pale chaguo linapokosewa si fedha peke yake. Winchi ndogo kupita kiasi hulazimishwa, na kamba iliyokazwa kupita kiasi hugeuka silaha. Winchi kubwa kupita kiasi huhamisha hatari kwenye bampa, ambalo kama limechomelewa tu kwenye bati badala ya kufungwa kwa bolti kwenye chasisi hung'oka na kuruka pamoja na mzigo wake.

Kapi nalo, pamoja na sifa zake, huficha hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kamba mbili zikivuta kwa tani 5 kila moja, mkanda na pingu vilivyoshika mti hubeba tani 10. Pingu ya kawaida ya inchi robo tatu imeandikiwa tani 4.75 za kazi, na ingawa watengenezaji wengi wazuri huacha akiba kubwa kabla ya kuvunjika, pingu isiyoandikwa chochote haina ahadi yoyote.

Kanuni za usalama ni chache. Glavu za ngozi huvaliwa kabla ya kugusa waya. Gunia zito au blanketi huwekwa katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Watu wote, pamoja na watoto wanaokuja kutazama, husogezwa umbali unaozidi urefu wa kamba iliyokazwa. Hakuna anayeivuka kamba. Na kile kichwa cha mviringo cha kufungia tela hakitumiki kamwe kama mahali pa kuvutia.

| Katika kijiji chochote gari lililokwama huvuta watazamaji, na kuwasogeza ni sehemu ya kazi ya winchi. |

HUKUMU YA HESABU

Mambo yote hayo yakiwekwa kwenye mizani, jibu kwa njia za Visiga, Soga na vijiji vya Kisarawe halimo kwenye winchi kubwa kuliko zote. Gari la tani 3 na zaidi linalobeba mzigo lichukue winchi ya pauni 12,000 yenye mota isiyo ya sumaku, ikiwa bampa lake limeshika chasisi na betri yake ni nzima. Pikapu nyepesi na magari ya kati yatosheke na 9,500. Jimny na wenzake wasivuke 6,000. Waya wa chuma unamfaa asiye na muda wa kuosha kamba, na kamba laini inamfaa aliye nao.

Anayepita mara chache anunue winchi ya mkono na kuigawana na jirani. Kwa wote, bila kujali chaguo, kapi moja, mkanda mpana, pingu mbili zenye maandishi ya tani, glavu na jembe viwe ndani ya gari kabla ya winchi kufungwa, kwa sababu vifaa hivyo hufanya kazi hata bila winchi, ilhali winchi isiyo navyo hushindwa mahali palepale ilipohitajika.

Na kabla ya masika kuanza, kila mwenye winchi aifungue kamba yote kwenye ngoma angalau mara moja, katika ardhi kavu, aikague mita kwa mita, kisha aiviringishe tena ikiwa imekazwa na kupangwa. Kamba iliyooza haifai kugunduliwa usiku, mvua ikinyesha, gari likiwa limezama hadi mabawani.